Programu Iliyokataa Kuhifadhi

Akina mama wenzangu wa ushirika, na nyinyi akina baba mliokubali kukaa huko nyuma, mmeniomba niseme, nami nitasema bila kupamba. Siku uvumilivu wangu ulipokatika nilikuwa mlangoni mwa duka la kompyuta, mtoto mgongoni, na kompyuta yangu imelala juu ya mkokoteni imefunikwa leso. Fundi aliyeniuzia akaitazama, akanitazama, akasema kwa ule upole wa kuudhi, "Lakini mama, si nilikuambia usizime?"

"Stima ilipotea Kayole nzima!" nikamjibu. "Mimi ndiye niliyezima Kayole?"

Mwenye mkokoteni akaangua kicheko. "Daktari, mgonjwa huyu tumlaze wadi gani?"

Mimi sikucheka. Nilipaza sauti mpaka wateja wakaanza kutoka mmoja mmoja. Ngoja niwaeleze nilivyofika pale.

Kiwanda cha baba watoto kilipofungwa nilijiambia: nimemaliza kidato cha nne, taipu naijua, nitafungua chumba cha kuchapa. Nikanunua kompyuta ya mitumba. Fundi akanionyesha programu ya kuandikia, ina maua pembeni na herufi za kujipinda kama za kadi ya arusi. Hakunitamkia kwamba ilikuwa ya kujaribia tu. Mwezi ulipokwisha, ikawa inakubali kuandika na kuchapa, lakini kuhifadhi ikakataa katakata. Nikaenda kumuuliza.

"Hiyo ni kawaida, mama. Wewe andika, chapa, usizime tu."

Ndugu zangu, nawaambia, hatukuwa wachache. Mtaani kompyuta zilikuwa zinawaka mchana na usiku zimejifunika leso, kazi ya watu imo ndani, na mwenye nyumba akifagia anauruka ule waya kama nyoka. Tulidhani ndivyo kompyuta zilivyoumbwa.

Kisha ikaja familia moja ya kutoka magharibi mwa nchi, imefiwa na baba yao. Asubuhi iliyofuata mwili ulikuwa unasafirishwa nyumbani, na walitaka kijitabu cha mazishi. Mzee alikuwa na nyumba mbili, kwa hivyo majina ya watoto yalizua vita humo chumbani mwangu.

"Nyumba ya kwanza itangulie!"

"Na sisi tuandikwe wapi, kwenye jalada la nyuma?"

Nikaandika, nikafuta, nikaandika tena. Jioni wakapatana. Nilikuwa nimenyoosha mkono niwashe printa, stima ikapotea. Iliporudi, ukurasa ulikuwa mweupe, na zile karatasi zao za mkono walikuwa wamezichana katika ule ugomvi. Wakaanza kubishana upya, na gari la mwili halingewangoja. Binti mkubwa akaniambia polepole, "Dada, baba atazikwa kama mtu asiyezaa."

Maneno hayo sijayasahau. Habari ikatembea kasi kuliko mimi. Watu wakawa wanapita mlangoni kwangu wakitazama upande wa pili, nami nikaanza kuulizia kazi ya kupanga nguo soko la Gikomba. Chumba kile ndicho kilichokuwa chakula cha watoto wangu, na kilikuwa kinakufa. Ndipo nilipopakia mkokoteni.

Mnajua fundi alinipa dawa gani? "Tuirudishe tarehe nyuma, itafikiri mwezi ndiyo kwanza umeanza." Yaani tuidanganye mashine, nami nikawadanganye waliofiwa! Nikamwambia mwenye mkokoteni ageuze. Mgonjwa akarudi nyumbani.

Katika ushirika huu kuna karani mmoja, sitamtaja, anajijua na ameshaanza kuinamisha kichwa. Alikuja na disketi tatu. "Programu za bure zipo," akasema, "lakini usiniamini mimi. Jaribu." Baadhi yenu mlikuwapo. Tuliweka sheria yetu: andika ukurasa, hifadhi, kisha chomoa waya ukutani. Kitakachobaki ndicho chetu.

Ya kwanza ilikuwa maridadi, ikachapa ukurasa mmoja ikagoma. Ya pili ilihifadhi, lakini kila baada ya muda ilikatiza kazi na kudai ilipiwe kwa posta ng'ambo. Hiyo siilaumu, ilisema ukweli wake mlangoni. Ya tatu ilikuwa na sura mbaya: rangi ya buluu, herufi nyeupe, hakuna hata ua moja. Ndani yake aliyeitengeneza ameandika kwamba ni ya bure, mpe na jirani yako. Nililisoma tangazo lile lote, kamusi mkononi. Nikaandika majina yenu, nikahifadhi, na mama mwenyekiti hakungoja, akauvuta waya kwa mikono miwili kama anayeng'oa mhogo. Tukawasha.

"Yapo!" mtu akapiga kelele. "Hata la mama mkwe wangu lipo, ole wangu!"

Siku ile nilijua sifungi. Leo stima ikipotea nachukua kikombe changu cha chai na kungoja.

Asante, karani wetu. Asante nyinyi mlioniletea kazi wakati wengine waliogopa. Na neno langu kwenu ni hili: usinunue maua. Chomoa waya mbele ya muuzaji, umtazame usoni.

Lakini hasira yangu haijaisha, kwa sababu duka lile bado linauza. Jumatatu nilikwenda ofisi ya serikali inayosimamia biashara. Afisa akaniambia, "Mama, sisi hupima mizani, hatupimi kompyuta." Nikakaa kwenye benchi lake, nikamnyonyesha mtoto, mpaka akaipiga mhuri barua yangu. Nilichowasilisha ni hiki:

"Mimi, mchapaji wa Kayole, nalalamika rasmi kwamba duka hili liliniuzia programu ya kujaribia bila kunijulisha, na ilipoacha kuhifadhi likanifundisha kuificha hitilafu hiyo kwa kutozima kompyuta. Naomba liamriwe kubandika juu ya kila kompyuta, kwa Kiswahili, kama programu iliyomo ni ya bure, ya kulipiwa au ya kujaribia, na itakoma lini. Naomba pia liiandikie familia iliyofiwa, liwaombe radhi watoto wa nyumba zote mbili. Sitaki kuitwa kando tuzungumze. Nataka jibu kwa maandishi."