DVD ya Harusi ya Sindano

Kijiwe chetu ni benchi moja nje ya duka la Linaksi, fundi kompyuta. Mwenye birika la kahawa ni mimi, kwa hiyo upuuzi wote wa hapa unapita masikioni mwangu kwanza, na jana niliuchoka kweli kweli. Sindano, fundi cherehani, alikuja na DVD ya harusi yake ndani ya boksi lake, kaifunga kwenye mtandio wa marehemu mkewe. Mke alifariki akimzaa binti yao. DVD ilimfikia Sindano baada ya msiba, na hakuwahi kuthubutu kuitazama. Aliitunza ili binti siku akiolewa amsikie mama yake, japo mara moja. Binti anaolewa Jumamosi. Asubuhi Sindano kaijaribu kwenye deki, deki ikasema haioni diski.

— Imeoza hiyo, akasema Mbunge, ambaye hajawahi kugombea chochote ila nafasi kwenye benchi. — Zinatengenezwa zife, ununue nyingine.

— Tulia wewe. Linaksi akaitumbukiza kwenye laptopu, akafungua ule ukurasa wake mweusi wa kuipa kompyuta amri, akaandika dvd+rw-mediainfo /dev/sr0. — Itajitaja yenyewe. Boksi linaweza kudanganya, lakini kiwanda huacha alama yake ndani.

Maandishi yakashuka.

— Aina, DVD-R. Na alama ya kiwanda hii hapa. Lo! Siyo kile cha kwenye boksi.

— Mnaona! Kamera akadakia. Huyu ndiye aliyepiga video ya harusi ile. — Nililipia mali ya maana, wakanitilia takataka. Nimetapeliwa, jamani!

— Takataka hizo zinapakwa rangi ya kucha, akasema Mbunge. — Kabati likipata joto, sauti inatoka.

— Inakwenda wapi? akauliza Linaksi.

— Juu. Setilaiti zinavuta.

Nikamwambia anywe kahawa anyamaze.

— Jamani, akasema Sindano, — mimi kiwanda cha nini? Mwanangu nitamwambia nini?

Iliniuma, maana mzee wa watu alikuwa hana nguvu hata ya kukasirika.

— Mwambie kiwanda ndicho kilichowadhulumu, akajibu Kamera.

Binti mwenyewe akatokea, tepu ya kupimia shingoni, kumwita baba kwamba mteja anasubiri. Akatuamkia, akaona mtandio wa mama yake, akaelewa. Akainamia skrini, akasoma mpaka chini ambako Linaksi hakufika.

— Kaka, hapa wameandika "blank". Si maana yake haina kitu?

Linaksi akasogea, akakohoa.

— Ndiyo. Haijawahi kuandikwa chochote tangu itoke kiwandani.

— Kwa hiyo haijaoza? akauliza Mbunge.

— Nzima kabisa.

Sote tukamgeukia Kamera. Akasema msimu ule harusi zilimzidi, akawa anabandika majina kwenye DVD tupu kwanza, rundo zima, halafu ndipo anaziingizia video. Pengine harusi ya Sindano iliingia kwenye DVD yenye jina la mtu mwingine. Kanda zenyewe alishazifuta, akapigia harusi nyingine.

Sindano akafunika uso kwa mikono. Binti akamshika bega, wala hakumfokea mtu.

— Sasa anko, ile yenye mama yangu ulimpa nani?