Philomena Shija Masunga, Aliyegonga Rimu Asubuhi ya Mafuriko

Baba Katekista, Mheshimiwa Mtendaji, wazee, akina mayu na nyote mliofika, mwadila. Karatasi hii imeandikwa na mdogo wake marehemu, Ndaki Masunga, na ndiye anayeisoma, ila ameambiwa kwamba historia ya marehemu haisomwi kwa mimi, mimi, kwa hiyo humu ndani ataitwa Ndaki kama mtu mwingine yeyote, na mvumilieni, maana jina hilo litajitokeza mara nyingi kuliko inavyostahili.

Marehemu Philomena Shija alizaliwa tarehe 14 Agosti 1971 katika kijiji hiki cha Mwalushinde, Bariadi, akiwa mtoto wa tatu wa Mzee Masunga, na aliitwa Shija kwa sababu aliwafuata mapacha, ambao wote wawili walifariki wakiwa wachanga, kwa hiyo akabaki yeye kuwa mkubwa. Miaka miwili baadaye alizaliwa Ndaki, mtoto wa kiume ambaye baba alimwombea kwa muda mrefu, lakini mama yao, mayu, aliendelea kuitwa mama Shija, akaitwa hivyo mpaka anaingia kaburini, wala hakuna siku hata moja aliyoitwa mama Ndaki, na kama mnadhani jambo hilo ni dogo basi hamjawahi kuwa mtoto wa pili.

Alisoma shule ya msingi hapa kijijini kuanzia mwaka 1979 hadi 1985, akafaulu, akachaguliwa kwenda sekondari huko Maswa, ambako alihitimu kidato cha nne mwaka 1989. Ndaki hakufaulu. Dada akirudi likizo na viatu vyake vyeusi, mdogo mtu yuko machungani nyuma ya mkia wa ng'ombe, miguu imepasuka, na jioni anakuta uji umebakizwa na hadithi za Maswa zinasimuliwa, roho ikimuuma mpaka anakwenda kulala bila kula.

Mwaka 1991 marehemu aliajiriwa kuwa karani wa mizani wa chama cha msingi cha ushirika, akawapimia watu pamba kwa miaka kumi na minane bila mkulima yeyote kulalamika, na kuanzia mwaka 2012 alikuwa mhudumu wa afya ngazi ya jamii, mnamjua, yule wa kuingia kwenu bila hodi na kufunua mtungi aone maji yamechemshwa au hayajachemshwa.

Tarehe 8 Oktoba 1994 alifunga ndoa takatifu na Bwana Method Nyanda, fundi mitambo mwenyeji wa Malampaka, mtu mpole, ambaye alikubali kuhamia huku kwa ajili ya kazi ya mke wake. Mzee Masunga akawapa kiwanja cha mwinukoni, jirani na ghala la pamba, na Ndaki akapewa bondeni, kwenye majaruba ya mpunga kando ya mto, ardhi ambayo kwa kweli ndiyo yenye rutuba, lakini yeye alikuwa akikaa kwenye mpunga wake anatazama juu kwenye bati la shemeji, anajiambia kwamba binti amepewa kilima. Mungu aliwajalia watoto wawili, Faraja, aliyezaliwa tarehe 3 Machi 1996, ambaye ni muuguzi, na Danford, aliyezaliwa tarehe 21 Juni 2001, mwenye duka pale Binza.

Ndugu waombolezaji, tumefika mahali ambapo karatasi ya kwanza ilikuwa na mistari miwili tu, na karatasi hiyo Ndaki ameichana jana mchana.

Mwezi Novemba mwaka 2023, mvua zilipotangazwa kuwa zitapita kiasi, kata iliunda kamati ya maafa, marehemu akachaguliwa kuwa katibu, akapelekwa mafunzo ya siku mbili Bariadi mjini, akarudi na kizibao cha kung'aa na kipaza sauti. Ndaki wakati huo ni kamanda wa sungusungu kwa mwaka wa kumi na moja, mwenye filimbi yake, mtu ambaye akipiga mwano, ule wito wa hatari, kijiji kizima kinaamka, na sasa dada yake anasimama mbele ya mkutano, amevaa kizibao, anaeleza kwamba maji yakija pasipigwe mwano, igongwe rimu ya lori iliyoning'inizwa shuleni, na watu wote wapande kwenye ghala la pamba. Sababu yake mtoto mdogo angeielewa, kwamba mwano ni wa wezi wa ng'ombe, na Msukuma akisikia mwano hakimbii kuukwepa, anaukimbilia, na asiyeitika hutengwa. Ndaki alinyoosha mkono kukubali pamoja na wengine, lakini moyoni alisema ng'o, kijiji hiki hakiamshwi na mwanamke wa kugonga bati.

Asubuhi ya Jumamosi, tarehe 27 Aprili 2024, saa kumi na mbili, baada ya mvua ya siku tatu, Ndaki ndiye aliyeona mto umevunja kingo na maji yanaingia kwenye majaruba. Njia ya shuleni ilikuwa wazi, ni mwendo wa dakika sita, rimu iko pale na nondo yake. Alilikumbuka agizo vizuri kabisa, asije mtu akamtetea kwamba alisahau, ila aliwaza kwamba akigonga rimu sifa itakwenda kwa mwenye rimu, akaiweka filimbi mdomoni, akapiga mwano palepale kando ya maji.

Wanaume wakaja, jamani, wakaja kama kawaida yao, na marungu na pinde, wakiteremka bondeni huku wakiuliza ng'ombe wamepelekwa upande gani, na wa mbele kabisa alikuwa shemeji Method, ambaye hakuwahi kuchelewa mwano. Marehemu aliposikia aligonga rimu mpaka mkono ukatoka damu, akawaingiza ghalani wanawake, wazee na watoto mia mbili na kumi na watatu, kisha akashuka na kipaza sauti, maji yakiwa magotini, akiwaita wanaume warudi juu, na wanaume thelathini na mmoja walirudi kwa sauti yake. Method hakurudi, kwa sababu Ndaki alikuwa amekwama kwenye tope la mpunga wake mwenyewe, na shemeji alikwenda kumchomoa, akamchomoa, akamsukuma kwenye tuta, na maji yakamchukua yeye. Zimamoto na Uokoaji walifika saa sita na kamba na boti, wakautafuta mwili pamoja na vijana wetu, ukapatikana Jumatatu.

Mjane huyo, akiwa na kitambaa cheusi kichwani, alikaa ghalani wiki tatu na familia zilizobomokewa nyumba, akagawa vidonge vya kutibu maji vya Msalaba Mwekundu, akasimamia uchimbaji wa vyoo, na hakuna aliyepata kipindupindu.

Mwezi Juni, kwenye mkutano wa kijiji, watu wakataka kujua kwa nini Method alikufa, na ikasemwa kwamba rimu ndiyo iliyowachanganya, na Ndaki akasimama, akasema tu kwamba sauti zilikuwa mbili na mtu angejua vipi afuate ipi, akakaa, na hakusema ipi ilikatazwa. Marehemu alimtazama. Angeweza kusema, na hakusema. Kizibao na kipaza sauti vikahamishiwa kwa Ndaki, na ninyi wenyewe mmemwona nacho mnadani, jua kali, kavaa kizibao cha mvua, na wakati kilipokuwa kikimpendeza mbele ya watu, kuna wanawake hapa walimwambia marehemu kisimani kwamba amemuua mume wake kwa bati.

Kuanzia Januari 2025 marehemu alianza kuishiwa pumzi na kuvimba miguu, akatibiwa zahanati, kisha hospitali mjini Bariadi, ambako aligundulika kuwa na tatizo la moyo, akapelekwa Mwanza mwezi Julai, akarudi nyumbani. Jumamosi tarehe 6 Septemba alimwita Ndaki akamwomba aandike historia yake, kwa kuwa wengine hawajui tarehe, na alimsisitiza asikosee tarehe hata moja. Hakutaja mafuriko. Alifariki Jumanne, tarehe 9 Septemba 2025, saa nane mchana, akiwa na umri wa miaka hamsini na minne.

Faraja na Danford wanayasikia haya sasa hivi pamoja nanyi, na walistahili kuambiwa jana faraghani, lakini mjomba wao aliufikia mlango mara mbili akarudi. Hata leo, akitazama turubai hizi zilivyojaa mpaka barabarani, anajua kwamba siku yake hazitajaa hivi, na bado inamuuma, ndivyo alivyo. Mheshimiwa Mtendaji anaombwa muhtasari wa mkutano ule urekebishwe, kizibao kiko juu ya meza hiyo, na wanakijiji wataamua la kumfanya Ndaki.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa Bariadi na Mwanza, wahudumu wa zahanati yetu, wahudumu wa afya wenzake waliomgeuza kitandani kwa zamu, majirani wa mwinukoni, Bwana Salimu wa Bariadi mjini, aliyeleta mchele na mablanketi wakati wa mafuriko na leo ameleta tena, na jumuiya ndogondogo ya marehemu.

Dada Shija, tarehe zote ni sahihi. Unakwenda na moyo mweupe, na mdogo wako anakuonea wivu hata huo. Pumzika kwa amani.