Majina ya Mbuzi wa Nakal

Mheshimiwa Mkuu wa Wilaya, Baba Askofu, wakuu wa idara, madaktari wenzangu na wauguzi wa Lodwar, wazee na akina mama mliotoka Kakuma kwenye jua hili: ejok, hamjambo.

Mheshimiwa, umenisifu katika kuniaga, nami nakushukuru. Lakini umemaliza kwa kusema kwamba mimi, Daktari Jerotich, nitawathibitishia kuwa Nakal, mama huyu aliyeketi hapa mbele, ambaye kesho nasafiri naye kwenda Nairobi, atapasuliwa kwa njia salama. Nimechoka, ndugu zangu, na aliyechoka hana nguvu ya kupamba maneno. Siwezi kuthibitisha.

Mshipa mkuu unaotoka moyoni mwa Nakal umevimba. Ili waushone, madaktari wa Nairobi watampoza mwili mzima mpaka moyo usimame na damu itulie, kisha wampashe joto tena. Waliniomba nami nipime usalama wa njia hiyo. Nimesoma taarifa zao mpaka macho yakauma. Zinasema ni wangapi waliamka. Je, walioamka waliwatambua watoto wao? Niliuliza, nikajibiwa kwamba hilo halikuchunguzwa.

Nilikwenda Kakuma kumweleza hayo Nakal, mbele ya mumewe, Mzee Lokeno.

“Sasa daktari,” mzee akasema, “unapeleka bibi yangu awe barafu, halafu unarudishia mimi mtu hajui mimi?”

“Hiyo nayo ni faida,” Nakal akamjibu. “Nitapumzika kelele yako.” Kisha akanigeukia. “Na nikikaa nyumbani?”

“Mshipa utapasuka, mama. Siku siijui.”

“Basi, mwanangu, twende kwa baridi. Lakini kwanza wewe jua mbuzi zangu.”

Ndiyo maana mliniona zizini. Alinionyesha mmoja mmoja, kwa jina, kwa rangi, kwa pembe, kwa mama aliyemzaa; na kila nilipokosea alinirudisha mwanzo, akicheka. Akiamka, aliniagiza, nimuulize hao mbuzi, nione kama anawakumbuka.

Mimi ndiye nitakayekaa kando ya kitanda chake. Akiwataja, nitawaambia wakubwa kwamba Nakal amerudi. Akishindwa, nitasema wazi kwamba hajarudi, hata kama moyo unapiga vizuri na picha yake imeshatoka gazetini.

Nawashukuru nyote kwa kunivumilia miaka hii. Mzee Lokeno, nakusihi, usiuze hata mbuzi mmoja mpaka turudi.

Asanteni kwa masikio yenu.