Nafasi Yangu Gatini

Nitegeeni masikio, wanangu. Mirugia, sogea hapa karibu na mto, na wewe Gersley zima hiyo simu, maana sauti yangu inakatika na sitaki kurudia neno. Daktari kawaambia barazani mkadhani sisikii. Nimesikia, na mimi nina langu la kusema.

Nyumba hii ni yenu wote wawili, atakayetaka kukaa akae. Mbuzi ni wa Gersley, maana ndiye aliyewalisha. Kinachonikaba koo ni ile nafasi yangu ya sokoni, pale gatini kwenye pete ya kufungia mashua.

Nilianza kuuza pale nikiwa na mimba yako, Mirugia. Enzi hizo ukifika alfajiri huyaoni maji, ni mashua tu zilizovuka kutoka Venezuela kuja hapa kisiwani kwetu, zimebanana ubavu kwa ubavu, turubai zimetandwa kutoka mlingotini mpaka nchi kavu, chini yake ndizi, mapapai, samaki, na kelele. Watu wake walikuwa wanalala humohumo na kufua humohumo, na kila mashua ilikuwa na mtu wake mmoja nchi kavu wa kuidaka kamba. Belarmino wa La Vela, bandari ya kwao huko Venezuela, alikuwa anarusha kamba yake kwangu tu. Asiponikuta, anazunguka majini kama kuku anayetafuta pa kutagia, wenzake wanamzomea, "Leo kaachika huyo." Mteja akimuuliza, "We Belarmino, papai hili limepigwa na jua au limepigwa na mkeo?" anajibu, "Mama, hapa anayepigwa ni Belarmino, papai halina kosa." Nimecheka pale kuliko nilivyocheka na baba yenu, Mungu amrehemu.

Halafu wakubwa wa kwao na wa kwetu wakagombana huko juu, njia ya baharini ikafungwa, mashua zikaondoka mojamoja. Belarmino akaniambia, "Nica, nakuja, usimpe mtu kamba yangu." Sijamuona tena. Hata waliposema njia imefunguliwa, mashua yake haikuja. Sasa nauza nyanya za kontena, baridi kama maiti, na meli za watalii zikishusha watu wananipiga picha, hawanunui hata ndimu. Nashinda katikati ya watu na hakuna anayelijua jina langu. Upweke wa sokoni ni mbaya, wanangu, kwa sababu nyumbani angalau unafunga mlango ukalia.

Gersley, najua ulichopanga na yule bwana wa hoteli. Mlete mashua kuukuu, muipake rangi, muifunge kwenye pete yangu na kuijaza ndizi za plastiki, watalii wapige picha. Wauza samaki washaanza kunitania, "Nica, mwanao anatufungulia duka la midoli." Sikulaumu, una watoto wa kulisha. Lakini ukiona vyaelea vimeundwa, baba, na zile ziliundwa na watu waliokuwa na njaa kama wewe. Sitaki.

Nafasi nampa Yusmary.

Tulia, Mirugia. Ndiyo, huyohuyo unayemwita "yule wa ndoo", anayeuza mikate ya mahindi ndooni na kuchutama nyuma ya maboksi akiona kofia ya askari. Katoka La Vela. Nilimuuliza habari za Belarmino, akasema hamjui, lakini hakuondoka, alikaa akanisikiliza mpaka nikamaliza. Toka siku hiyo ndiye anayenifungulia turubai kila asubuhi, maana mikono yangu haiinuki tena. Nyie mlikuwa makazini, sio dhambi. Ila wahenga walisema mgeni njoo mwenyeji apone, na mwenyeji mwenyewe ni mimi.

Karatasi za kuishi hapa hana. Leseni itabidi iwe kwa jina lako, Mirugia, yeye akae chini ya jina hilo. Una kazi ya serikali na unaweza ukaipoteza, nalijua hilo, nimelala nalo. Sikutishii laana. Laana sina, nina ombi tu.

Nipe maji... Basi, yanatosha.

Mnizike bila mbwembwe. Watu wapewe ugali na mchuzi wa mbuzi, washibe, wasiimbiwe sana. Gersley, Mungu akupe riziki ambayo hutaona haya kuitaja mbele ya wanao. Mirugia, Mungu akulainishie moyo, umeupata kwangu huo, mgumu vilevile. Mkae mnaongea, nyie wawili. Msinyamaziane.

Sasa usinijibu, Mirugia mwanangu. Leo mkaguzi anapita sokoni, na Yusmary yuko pale peke yake, kafungua kwa niaba yangu. Akimkuta hivyo... watamrudisha kwao. Nenda ukasimame naye. Mkaguzi atakuuliza, huyu nani yako. Mwambie ni mdogo wako. Hutakuwa umesema uongo, maana nimemzaa leo... hapa... kwa mdomo huu, na nyie mmeshuhudia.

Gersley, mpeleke na gari. Miguu itachelewa.

Mimi niacheni tu. Kukaa peke yangu... nimeshazoea. Nendeni.