Chuma Naye Huchoka

Wasifu wa marehemu, ukisomwa na dada yake mkubwa

Ndugu, jamaa na majirani, marehemu tunayemsindikiza leo alizaliwa Ijumaa tarehe 9 Machi 1984, katika wodi ya wazazi ya hospitali ya wilaya, akiwa kitinda mimba wa fundi magari na mama mshonaji. Alizaliwa bonge la mtoto. Mkunga alimpima, akamgeukia mama: "Mama, huyu si mchanga, huyu amekuja kutafuta kazi." Na kazi aliipata. Kabla hajafikisha miaka kumi alikuwa akibeba mitungi ya gesi ya mtaa mzima, na jina alilopewa na wazazi likamezwa na hili mnalolijua nyote, Chuma.

Alisoma shule ya msingi kuanzia 1992 hadi 1998, na sekondari hadi 2002. Shuleni hakuulizwa anapenda nini, mabega yalijibu kwa niaba yake: tufe, mbio, kuvuta kamba, na kuhamisha madawati kila muhula ulipoanza. Mwenyewe alikuwa mpole, mtu wa kukaa pembeni na kuuliza maswali. Kwa nini mtu akikimbia anahema? Kwa nini jasho lina chumvi? Aliuliza hadi mwalimu wa biolojia akamwambia majibu mengine akayafuate chuoni.

Akayafuata. Septemba 2004 alijiunga na chuo kusomea mazoezi ya viungo na ufanisi wa michezo. Baba alishika kichwa. "Watoto wa wenzangu wanasomea sheria, wangu anasomea kuruka kamba!" Lakini marehemu aliyapenda masomo yake kwa moyo wote, na likizo alirudi akiwapapasa watu magoti na kuwatajia mifupa. Somo lililomteka kuliko yote lilikuwa la mapumziko. Alieleza mezani kwamba misuli haijengeki mtu anaponyanyua, hujengeka baadaye, anapopumzika. Mama akasema kama ni hivyo, basi mwenye nguvu kuliko wote nyumbani ni baba.

Mwaka wa pili, katika maabara ya chuo, wanafunzi walipimana mapigo ya moyo kwa zamu, kwa mashine ya nyaya, huku wakitaniana kuhusu vifua vyao. Ilipofika zamu ya Chuma, mkufunzi aliitazama karatasi iliyotoka, akaacha kucheka. "Rudieni," alisema. Wakarudia. Hospitali ikathibitisha kwamba ukuta wa moyo wake ulikuwa mnene kupita kiasi, ugonjwa aliozaliwa nao. Akakatazwa kunyanyua vizito na kushindana mbio. Kwa wema wa mkufunzi yule aliruhusiwa kumaliza mafunzo ya vitendo kwa kushika saa na kuwaongoza wenzake, akahitimu Novemba 2007 na alama za kujivunia.

Chuo kilimwamini kwa sababu kilikuwa na mashine. Nyumbani watu walikuwa na macho tu, na macho yaliona mikono yake. Alipomwambia baba, mzee alicheka. "Moyo? Wewe? Hebu njoo kwanza unisaidie kusukuma hili gari." Jirani naye akasema, "Ukiumwa wewe, sisi si tungekuwa tumeshazikwa?" Wakacheka, na yeye akacheka nao. Alijaribu tena kwa huyu na yule, ikawa kumpigia mbuzi gitaa. Mwisho akatia mdomo kufuli, na mtu aliyehama nyumba aliendelea kumwita abebe kabati.

Februari 2008 aliajiriwa kwenye ukumbi wa mazoezi, chini ya jengo la ofisi, chumba kisicho na dirisha chenye vioo kuta zote nne. Alimweleza mwenye ukumbi hali yake siku ya kwanza. "Sasa nani atalipa afundishwe na mgonjwa?" mwenye ukumbi alimjibu. "Wewe ndiye tangazo langu, bwana." Picha yake ikabandikwa mlangoni, kubwa kuliko mlango wenyewe. Wateja hawakugusa chuma chochote mpaka yeye akinyanyue kwanza. Kwa miaka kumi na mitano alifundisha namna ya kupumzika katika chumba ambamo yeye mwenyewe hakuwa na ruhusa ya kukaa chini.

Akabuni njia. Pumzi ilipokatika, aliinama kufunga kamba za viatu. Alizifunga polepole, akazifungua, akazifunga tena mpaka moyo utulie. Akina mama wa darasa la asubuhi waliliona hilo, wakamhurumia, wakachangishana. Siku yake ya kuzaliwa wakamletea viatu vizuri vya bei, visivyo na kamba. "Basi, mwalimu," walisema, "umepumzika na tabu hiyo!" Aliwashukuru sana, akavivaa pale pale. Tunajua walimpenda, na wengine wako hapa leo. Lakini jioni ile alimwambia mkewe, "Wamenifungia mlango wa mwisho."

Mkewe ndiye pekee aliyemjua. Alikuwa muuzaji wa duka la dawa, mbali na nyumbani, ambako marehemu alijificha kununua vidonge vyake. "Vya nani hivi?" muuzaji yule aliuliza.

"Vya baba yangu."

"Mwambie baba asibebe vizito."

"Hasikii."

"Basi mlete nimseme mimi."

Mwezi uliofuata alirudi peke yake, akasimama mbele ya kaunta. "Nimemleta," alisema. Walifunga ndoa tarehe 20 Agosti 2011, wakajaliwa binti na mtoto wa kiume. Jumapili mchana mke alikuwa akifunga mlango kwa ufunguo na kumwambia, "Lala." Akilala, mtu anagonga. Kuna jokofu la kupandisha ghorofani, Chuma yuko?

Mwishoni mwa 2022 miguu ilianza kuvimba, na uso pia. Mtaani wakamsifu: "Naona umeongeza mwili!" Hospitalini, akiwa kwenye benchi la wagonjwa, mhudumu alimwomba ampishe mgonjwa. Akasimama. Alipolazwa, Juni 2023, vijana wa mtaani walikuja kumtazama wakamwambia aache utani, awaonyeshe mkono. Akajiinua kitandani, akaukunja ule mkono, wakashangilia, wakaondoka wakiwa na amani. Alijilaza tena akihema. Kisha alimwita dada yake huyu anayewasomea, akamwambia, "Siku yangu msisome kwamba nilikuwa na nguvu. Watu wataitikia, halafu itakuwa imeisha hivyo hivyo. Someni kwamba nilichoka."

Alifariki Jumamosi tarehe 17 Juni 2023, saa saba mchana, usingizini, mkono wake ukiwa mkononi mwa mkewe. Ameacha mama, mjane, watoto wawili, dada na kaka, na wanafunzi wengi wenye migongo iliyonyooka. Baba alimtangulia mwaka 2019.

Tangu asubuhi, hapa uwanjani, dada yake amekuwa akisikia watu wakiulizana, "Jamani, mbona alikuwa mzima?" Hakuwa mzima. Alikuwa mgonjwa tangu tulipompokea, mwenyewe alituambia, na sisi tukamtazama mabega. Wasifu huu umesomwa kama alivyoagiza: ndugu yetu alichoka. Alichoka sana, kwa miaka mingi, mbele ya macho yetu.

Apumzike kwa amani, na pasitokee mtu wa kumwambia kwamba hajachoka.