Utulivu wa Kuridhisha wa Bosi

"Notisi ya Pili na ya Mwisho Kuhusu Mwenendo wa Mbwa Katika Foleni ya Chanjo." Hicho ndicho kilichokuwa kichwa cha karatasi aliyoiweka Mzee Kiilu kwenye benchi letu Jumanne asubuhi, akaikandamiza kwa kikombe cha kahawa isipeperuke. Benchi liko kando ya fundi viatu, hapa Voi, mkabala na bucha, na kahawa ni ya Miraj, anayetuuzia na kutusikiliza kwa bei hiyo hiyo moja. Kiilu tunamwita Stoo, kwa kuwa alishika funguo za stoo ya shamba la mkonge miaka ishirini na minane. Chini ya benchi, kwa kamba ya mkonge aliyoisokota Stoo mwenyewe, alifungwa Bosi: mbwa wa rangi ya chai, nguvu za ndama, subira ya kuku. Mara mbili Bosi amemburuta Stoo mpaka meza ya chanjo ya kichaa cha mbwa, na mara mbili foleni nzima, mbwa na wenye mbwa, imetawanyika. Sasa notisi ya ofisi ya mifugo ilisema Alhamisi ndiyo mara ya mwisho. Mbwa aje kwa kamba, "kwa utulivu wa kuridhisha", la sivyo hapati cheti, na mbwa asiye na cheti ataondolewa.

— Ataondolewa apelekwe wapi? aliuliza Miraj.

— Hawajasema, alijibu Stoo. Serikali ikikuhamisha inakuambia unakoenda. Ikikuondoa, haisemi.

— Si utafute mbwa mwingine, mzee wangu.

— Tembo wakishuka shambani usiku, huyu ndiye huniamsha. Mwaka jana aliniamsha mara tisa, nikapiga debe, wakaenda kwa jirani. Masikio yangu mimi yalistaafu pamoja nami. Bosi akienda, mahindi yameenda.

Hapo kila mtu akawa mtaalamu wa mbwa.

Wa kwanza alikuwa Kitheka, aliyeendesha lori barabara hii mpaka macho yakagoma, na ambaye kwa hiyo anaitwa Breki.

— Shida ya hiyo mbwa ni haina mzigo. Lori tupu lazima iruke-ruke. Mfunge gunia ya mchanga mgongoni, kilo kumi hivi, utaona vile atatulia.

— Akilala njiani je?

— Si hiyo ndiyo utulivu wanataka?

Danson alikohoa kama mtu aliyepewa kipaza sauti. Amegombea udiwani mara tatu, na kila mara anasema alikuwa karibu, ndiyo sababu tunamwita Mheshimiwa Karibu.

— Tatizo ni kwamba mbwa hakushirikishwa. Umemletea kamba kama mradi kutoka juu. Ungemweka chini mkaongea, angeona kamba ni yake.

— Nimemweka chini. Ndiye huyo hapo, anaitafuna.

— Basi umechelewa. Samaki mkunje angali mbichi.

— Ana miaka miwili tu.

— Kumbe bado mbichi. Mkunje.

— Asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu, Breki akatia lake.

— Mamaye aligongwa na gari kule Miasenyi huyu akiwa ananyonya, Stoo akasema. Nilimwokota kando ya lami.

— Basi hapo lawama ni ya ulimwengu, Breki akakubali. Umechelewa kazini.

Miraj alikuwa akipuliza makaa. Kwao ni watu wa pwani, na neno lake hulichemsha kwanza.

— Sikilizeni, ndugu zangu. Mbwa wa hapa huzaliwa akimsikia simba ng'ambo ya ua wa mbuga. Babu zake waliokuwa wakitembea polepole waliliwa wote. Huyu ametoka kwa waliokimbia. Wewe wamwambia atembee pole, yeye damu yake yamwambia utaliwa. Amwamini nani?

Breki hakupenda kuona nadharia yake imepitwa kwenye kona.

— Hapana. Mimi nimeijua hii barabara miaka thelathini. Kutoka hapa mpaka Mombasa kila kitu inateremka. Lori, treni, mto, hata bei ya nyanya. Mbwa ako na miguu nne, anasikia mteremko kutushinda. Yeye havuti, anateremka tu. Mpeleke Wundanyi akachanjwe huko.

— Wundanyi ni mlimani, Breki. Akivuta kupanda?

— Sasa hapo anakusaidia.

Mheshimiwa aliona majadiliano yanahitaji vitendo. Akaifungua kamba, akaomba fimbo.

— Penye wazee haliharibiki neno. Tazameni.

Akasimama hatua mbili nyuma ya Bosi, kamba mkono mmoja, fimbo mwingine, vile vile sote tunavyoswaga mbuzi kwenda mnadani. Bosi alitazama mbele. Bucha ilikuwa imefunguliwa. Mheshimiwa akapita bucha akiburutwa, akapita kinyozi, akapotea nyuma ya kituo cha mafuta, kisha akatokea upande wa pili akiwapungia watu mkono, kwa kuwa mgombea hapotezi nafasi. Alirudi benchini nyuma ya Bosi, bila fimbo na akiwa na kiatu kimoja.

— Kuna maendeleo, alisema.

Mwisho wa benchi alikuwa ameketi mama mmoja mwenye gunia la maharagwe, Tryphena wa Njukini, akingoja gari la Taveta.

— Samahani, wazee. Huyo mbwa akivuta, huwa mnafanya nini?

— Tunamfuata, alisema Mheshimiwa.

— Tunamfuata na fimbo, Breki akasahihisha.

— Na huwa anafika anakotaka kwenda?

— Kila siku, alisema Stoo.

— Sasa kwa nini aache?

Miraj akamimina kahawa kwenye kikombe kilichokuwa tayari kimejaa. Breki akageuka kutazama barabara. Mheshimiwa alisema swali hilo ni zito, liletwe kwa maandishi. Gari la Taveta likaja, na Tryphena akaondoka na gunia lake.

Stoo ndiye aliyeinuka, akashika kamba. Bosi akavuta. Stoo akasimama kama nguzo ya stima. Bosi akavuta tena, akageuka kumwangalia, kamba ikalegea, na Stoo akapiga hatua moja. Akafanya hivyo Jumanne yote na Jumatano yote, kamba ikikaza anasimama, ikilegea anakwenda, na sisi benchini tukisema hawezi kufika popote.

Alhamisi walitoka nyumbani saa moja asubuhi. Safari ya dakika kumi iliwachukua saa tatu. Bosi alifika amechoka kungoja, akajilaza mbele ya meza, akachanjwa akiwa amelala, na Kiilu akapewa cheti.