Herufi K kwenye Kalenda ya Fides

Jambo la mwisho la kawaida nyumbani kwa Zabroni lilikuwa kitunguu. Alhamisi jioni Fides alimwomba amsaidie kukimenya, kwa kuwa harufu ilikuwa inampanda kichwani, naye akakimenya huku akisikiliza habari za Bujumbura kwenye simu. Kisha akaingiza mkono kwenye mkoba wa mkewe kutafuta funguo za nyumba, akatoa kalenda ndogo ya kanisa na boksi jepesi la dawa. Kwenye kalenda, kila Jumatatu na kila Alhamisi ilizungushiwa kiduara. Siku nyingine, bila mpangilio wowote, ziliandikwa herufi moja tu: K. Jumapili baada ya misa, vitu vyote viwili vilikuwa bado mfukoni mwa jaketi lake, naye alikuwa ameketi kwenye benchi mbele ya duka la Nyirabagenzi, mtaa wa Riverside, kando ya mto unaopakana na Kanada, ambako wanaume hunywa kahawa ya tangawizi kutoka chupa moja huku upepo wa mto ukiwapiga masikioni. Ilikuwa Oktoba ya 2015. Karoli alikuwepo, waliyemwita Breki kwa sababu ndiye aliyeendesha gari la kuwapeleka watu kazini ghalani Cheektowaga. Ruberwa, Mkongo, alikuwa Bima, maana hakuna fomu ya bima iliyomshinda. Jovini, Mtanzania, alikuwa Kamusi, na kila mtu alijua kwa nini. Zabroni hakuwa na jina la utani. Tangu kambi ya wakimbizi ya Mtabila hakuna aliyethubutu kumpa.

— Nina swali, Zabroni alisema. Ni la rafiki yangu.

— Huyo rafiki yako mke wake anaitwa Mama Blessing? aliuliza Jovini.

Wakacheka. Zabroni hakucheka. Aliweka boksi na kalenda kwenye benchi, na hakuvitazama. Alimtazama Karoli.

Ruberwa alivaa miwani, akasoma boksi.

— Bon. Hii ni pachi. Ya kubandika kwa ngozi. Unabadilisha mara mbili kwa wiki.

— Bandiko, alisahihisha Jovini.

— Pachi, bandiko, iko ile ile. Kuna Mzungu mmoja kwa kazi yetu alikuwa nayo kwa mkono, alikuwa anaacha sigara. Donc, basi, Mama Blessing anavuta.

— Mke wangu havuti!

— Utajulia wapi? Wewe ukilala, hata wezi wanaweza kubeba kitanda.

Jovini alimpokonya boksi.

— Sigara gani? Si imeandikwa homoni hapa? Homoni ni uzazi wa mpango. Kambini waliwawekea kina mama kijiti mkononi. Huku wanabandika.

— Mama Blessing ana miaka hamsini na moja, alisema Zabroni. Azuie nini?

— Ndiyo hapo sasa, alisema Jovini, kisha akaona uso wa mwenzake na kutamani angekunywa kahawa tu.

Ruberwa akafungua kalenda.

— Viduara ni siku za kukutana. Hii K ndiyo mwanaume mwenyewe.

— K ni kwaya, alisema Jovini.

— Kwaya ni Jumatano, alijibu Zabroni. Angalia. Kuna K Jumanne. Kuna K tatu mfululizo mwezi wa tisa. Kwaya gani inaimba siku tatu?

— Basi ni kasisi.

— Kasisi wetu anapandishwa ngazi na watu wawili, Kamusi.

— Nimeipata, alisema Ruberwa, akasimama kabisa. K ni Kanada! Daraja liko hapo, dakika kumi. Anavuka.

— Anavuka kufanya nini?

— Kupeleka habari za ghala. Wale wa upande ule wanataka kujua sisi tunapanga maboksi namna gani. Na hiyo pachi, ndani iko na kamba ya simu. Wanamfuata nayo.

— Bima, kaa chini.

— Sikai. Hata wewe Kamusi unaanza na K.

— Mimi? Sina hata gari!

— Karoli analo, alisema Zabroni.

Wote wakamgeukia Karoli. Kwa miezi mitatu Zabroni alikuwa akisimama nyuma ya pazia saa kumi na moja alfajiri, akimwona mkewe anapita mlango wa nyuma wa lile gari, ambako wenzake walibanana, na kufungua wa mbele. Alijua mlango huo unavyolia. Alijua Karoli hunyoosha mkono kuufungua kwa ndani kabla Fides hajaufikia, na kwamba kiti kilikuwa kimesogezwa nyuma tayari, kikimsubiri. Yeye mwenyewe hakukumbuka lini alimfungulia mkewe mlango.

Karoli aliweka kikombe chini.

— Baba Blessing, unataka kujua kwa nini anakaa mbele?

— Sema.

— Nyuma anatapika. Mara mbili nimesimama kando ya barabara kuu. Ana mfuko wa plastiki kwenye koti, siku zote. Anavaa miwani ya jua kabla hakujapambazuka, kwa sababu taa za magari zinamchoma machoni. Hasemi kitu. Tukimuuliza anasema, nitakuwa sawa.

Kisha akamalizia:

— Sisi ndani ya gari tulidhani unampiga.

Kilichomchoma Zabroni zaidi si kudhaniwa vile. Ni ule mfuko wa plastiki. Mwanamume mwingine alijua kilichomo kwenye mfuko wa koti la mkewe, naye hakujua.

— Naomba nilione hilo boksi, ilisema sauti mlangoni mwa duka.

Alikuwa Wolfgang, shemeji yake Jovini, amesimama na kikombe chake tangu mazungumzo yalipoanza. Alikuja juzi kutoka Louisville na masanduku mawili ya nguo za marehemu mkewe, dada yake Jovini, azigawe kwa ndugu. Walimzika mwezi wa tano. Alisoma upande wa nyuma wa boksi bila haraka, kama mtu anayesoma barua aliyowahi kuisoma.

— Hii ni ya kukoma hedhi, alisema. Homoni ikianza kupungua, joto linampanda mwanamke, halali, na kama ana kipandauso, kile kichwa cha upande mmoja, kinazidi.

— Kipandauso! alisema Jovini, kama mtu aliyekalia neno lake muda wote. K!

— Mke wangu walimwanzishia vidonge, aliendelea Wolfgang, kichwa kikamzidia. Wakambadilishia bandiko, la nguvu ndogo, ili homoni iingie taratibu, isiwe inapanda na kushuka. Daktari akamwambia aandike. Siku ya kubandika, alama yake. Siku ya maumivu, alama yake. Bandiko jipya lilipaswa kuwekwa lini?

— Alhamisi, alisema Zabroni.

— Leo Jumapili. Yuko wapi?

— Amelala. Tangu juzi. Ameziba dirisha kwa kanga.

Wolfgang alimrudishia boksi. Hakumlaumu. Aliuliza tu:

— Kinamuuma upande gani?

Zabroni hakuujua. Miaka ishirini na sita ya ndoa. Alijua Fides anapenda ugali mgumu, anaogopa lifti, anaimba sauti ya pili. Akamtazama Karoli, na kwa muda wa pumzi moja aliogopa kuliko alivyowahi kuogopa chochote katika nchi hii: aliogopa kwamba Karoli angejibu.

Karoli alitazama viatu vyake. Ruberwa alikuna kidevu.

— Wangu kilimuuma kushoto, alisema Wolfgang, akaingia dukani kurudisha kikombe.

Ruberwa aliinamisha chupa. Yalitoka machicha ya tangawizi tu.

Nyumbani, Zabroni aliliweka boksi kitandani, karibu na mkono wa mkewe. Fides alilipapasa gizani kabla hajafumbua macho.

— Ulikuwa nalo.

— Nilikuwa nalo.

— Nimepekua nyumba nzima. Duka la dawa wamekataa kunipa lingine mpaka mwezi uishe.

— Kwa nini hukuniambia, Mama Blessing?

Fides alipumua polepole, kama anayebeba ndoo iliyojaa.

— Unakumbuka Reynoldsburg, harusi ya mtoto wa Germana? Germana alikuwa anajipepea. Ukasema mbele za watu, huyu amekwisha, anajipepea kama jiko la mkaa. Watu wakacheka mpaka wakalia. Mimi siku hiyo ndiyo nilikuwa nimebandika la kwanza.

Zabroni alikumbuka kicheko. Hakukumbuka kama Fides alicheka.

— Nilidhani K ni mtu, alisema.

— Mtu gani?

Fides alitaka kucheka, kichwa kikamkataza.

Kesho yake asubuhi, Zabroni alitoka na malapa kwenye baridi kabla Karoli hajapiga honi. Alimwambia Karoli kwamba Fides haendi kazini leo.

— Na kiti cha mbele asikae mtu, aliongeza. Ni chake.

— Sawa, Baba Blessing.

Alirudi ndani, akaondoa kanga dirishani na kupigilia blanketi jeusi lisilopitisha taa ya barabarani. Akalowesha taulo kwa maji baridi. Akaketi sakafuni kando ya kitanda.

— Upande gani? aliuliza.

Fides aliuchukua mkono wa mumewe, taulo likiwa ndani yake, akauweka juu ya unyusi mmoja, akaubana hapo. Zabroni hakuusogeza mpaka pumzi ya mkewe ikawa ndefu. Kisha, kwa mkono wake mwingine, akaivuta kalenda ya kanisa, akatafuta tarehe kwa mwanga wa simu alioufunika kiganjani, akaandika K. Aliitazama. Haikutosha. Mbele yake, kwa herufi ndogo, akaongeza: kulia.